Kidevu Changu na Mchanga wa Mama Kashindi

Feza alinipigia simu asubuhi kuniambia kwamba Mama Kashindi amekufa, na kabla sijamjibu akaongeza kwamba familia inaniomba niseme neno kwenye matanga. "Weye njo unajua kusema," aliniambia. "Kila siku uko ku radio, batu wote wanakusikia. Utasema tu vile alitulea." Nilikwenda, kwa sababu hapa Kalemie asiyeonekana kwenye matanga huulizwa sababu mpaka naye azikwe. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba mbili, viti vya plastiki vimejaa mpaka barabarani, na wanawake waliovaa kitenge cha aina moja walikuwa wakipakua bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mikebuka wa kukaanga. Nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba marehemu alikuwa na jicho ambalo Mungu hampi kila mtu. "Alikuwa anakuangalia tu ku uso," alisema, "anajua tumbo yako iko namna gani." Mwenzake akaitikia huku anatafuna, "Kweli, ule mama." Mwenye kuongoza shughuli aliponiletea kipaza sauti, nilitikisa kichwa. Alidhani nimezidiwa na uchungu, akawaomba watu waniombee. Uchungu sikuwa nao. Nilikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya zamani iliyokaa ndani yangu miaka zaidi ya ishirini bila kuharibika. Neno ambalo sikulisema pale naliandika hapa, kwa utaratibu, jinsi nilivyofundishwa kuandika habari: nani, wapi, nini kilitokea, na nani aliona.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Diploma yangu ya sekondari ilikuwa chini ya godoro, na minerval, yaani ada, ya shule ya juu haikuwa mfukoni mwa mtu yeyote niliyemjua. Feza, aliyenizidi umri kidogo na aliyekuwa amekwisha kufiwa na mume ziwani, alinipokea katika chumba chake nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Godoro lilikuwa moja, beseni mbili, jiko la makaa lililokaa nje mvua isiponyesha na ndani ikinyesha. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua fundi amemaliza suruali au bado. Feza ndiye aliyenipeleka kwenye uwanja wa Mama Kashindi, kipande cha ufuko kilichozungushiwa miti na nyavu kuukuu. Mitumbwi ya taa iliporudi alfajiri, wavuvi walimwaga ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye beseni zetu, nasi tuliwatawanya mchangani safu moja moja, bila samaki kumlalia mwenzake, kisha tukawageuza kwa fagio la njiti kadiri jua lilivyopanda. Kazi ilikuwepo siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hawafuati taa, ziwa hulala, na sisi tulilala njaa pamoja nalo. Jioni, kila mwanamke aliyesimama mchangani alipewa fungu lake la ndagala. Asiyesimama hakupewa. Mshahara mwingine haukuwepo. Kwa hiyo nikisema mahali pangu mchangani, nasema chakula, kodi ya chumba, sabuni, na ile shule niliyokuwa naiota. Sikuwa na kitu kingine duniani cha kupoteza.

Sheria ya uwanja ilikuwa moja. Mwanamke mwenye siku zake hakanyagi mchanga. Ilisemekana akipita kati ya ndagala watalainika jua likiwa kali vilevile, watabadilika rangi, na wavuvi wakisikia watapeleka samaki wao kwa mtu mwingine. Baadaye, nilipokuwa mwandishi wa habari, niliuliza wazee wa Mpala, nikauliza wa Zongwe, nikauliza wale waliohamia kutoka kaskazini ya ziwa, na kila mmoja aliniambia kwamba hiyo ni mila ya wale wengine. Viwanja vingine vilikuwa na sheria hiyo hiyo, lakini vilimwachia mwanamke aseme mwenyewe. Mama Kashindi hakuamini midomo. Aliamini videvu. Alikuwa ameona kwamba wanawake wengi hutoka chunusi moja au mbili siku zao zikikaribia, na hilo ni kweli, hata daktari atakuambia. Kutoka kwenye ukweli huo mdogo alijenga mahakama. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa nyavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akatushika kidevu kwa vidole viwili na kugeuza uso kushoto na kulia kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Pita," alisema. "Pita. Pita. Weye, kaa." Wanawake walijisifia jicho lile. Hata waliokosea kuhesabu siku zao walisema afadhali Mama anawahesabia.

Mimi nilikuwa na chunusi tangu shuleni, lakini mwaka ule zilihama. Ziliacha paji la uso zikakaa kwenye taya, kwenye kidevu, chini ya masikio mpaka shingoni. Zilikuwa za ndani, ngumu kama kokoto chini ya ngozi, zenye maumivu hata nikilalia upande mmoja. Moja ikiisha mbili zilikuwa njiani. Na siku zangu, ambazo uso wangu ulidaiwa kuzitangaza, zilikuwa zinakuja mara moja baada ya miezi mitatu, mara nyingine minne. Yaani uso ulisema kila asubuhi jambo ambalo mwili ulikuwa karibu haulijui. Siku ya kwanza niliposimama mbele ya Mama Kashindi, vidole vyake havikuhitaji hata kunigeuza.

"Weye, kaa."

"Mama, siko na kitu."

"Kidevu iko inasema iko na kitu."

"Kidevu inadanganya, Mama."

Nyuma yangu wanawake walicheka. Yeye hakucheka. "Basi kidevu njo itadanganya, na weye njo utasema kweli? Kaa pale, chagua takataka." Nilikaa nje ya nyavu nikichambua maganda na vijiti kutoka kwenye mabaki ambayo watu walinunua kwa ajili ya bata. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Mbalamwezi ikaja, ikapita, giza likarudi, nami nikarudi na kidevu kile kile. Mama Kashindi akaniangalia safari hii kwa muda mrefu, akauliza wanawake wote, si mimi, "Siku gani hizi hazimaliziki?" Swali hilo halikuwa swali. Lilikuwa ruhusa, na waliipokea.

Walikuwa wanakula saa sita, chini ya turubai lililofungwa kwenye nyavu, na mimi upande wa pili nilisikia kila kitu. "Ule mutoto anakaa kwa Feza, nasikia alitoa mimba," mmoja alisema. "Ikitolewa vibaya, damu inapanda ku uso." Mwingine akakataa. "Apana, ni sindano ya kupanga. Dada yangu walimutia sindano, akatoka mabutoni, chunusi tupu mpaka mugongo." Wa tatu alikuwa mpole zaidi, na upole wake ndio ulioniumiza kuliko yote. "Ni damu chafu tu. Akipata bwana itatoka." Yule wa kwanza akameza tonge, akauliza, "Na nani ataoa ile uso?" Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali wakampiga mgongoni. Nilikuwa sijawahi kulala na mwanamume. Nilikuwa sijala tangu jana. Nakumbuka harufu ya ndagala wao waliokaangwa na nyanya na pilipili, na nakumbuka kwamba nilikuwa nawaza, kwa utulivu kabisa, ni nani kati yao ningemmwagia sufuria yao ya moto.

Chumbani tulianza kuutibu uso kama watu wanaozima moto kwa kila kilicho karibu. Tulianza na ndimu, iliyochoma. Tukaweka majivu na sabuni ya kufulia, yakachoma zaidi. Dawa ya meno ilinikausha ngozi ikapasuka mdomoni nikicheka, na majani ya mpapai yalinifanya ninuke kama ua wa nyuma ya jiko. Jirani akamwambia Feza kuhusu mkojo wa asubuhi. Feza akaniletea habari hiyo akiwa amesimama mlangoni na kikombe, uso mkavu kama wa mhubiri. "Yangu ao yako, chagua. Yangu njo ya mujane, iko na nguvu." Tulicheka mpaka fundi akagonga ukuta. Sikuupaka. Lakini nisije nikaandika kana kwamba tulikuwa wajinga wa kuchekesha. Kila tulichojaribu tulikijaribu kwa sababu tulikuwa tumekwenda kwanza kituo cha afya, na pale mwanamume mmoja aliyevaa koti jeupe aliniuliza bila kuinua kichwa, "Uko na bwana?" Nilisema hapana. "Tafuta bwana, uzae. Itaisha." Kisha akaniandikia dawa ya minyoo. Nilikwenda na uso, nikarudi na dawa ya minyoo, na muhuri juu yake.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kwa Mama Zuhura. Familia yake ni ya wale Waislamu ambao mababu zao walifanya biashara ya ziwa, na kibanda chake cha pomadi kilikuwa kizuri kuliko vyote sokoni, chupa zimepangwa kwa rangi, kioo kikubwa, stuli ya mteja. Bidhaa zake zilivuka kutoka Kigoma. Uso wake ulikuwa mweupe na laini, na viungo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi, jambo ambalo niliona na sikulipa uzito. Alinikalisha, akaniinua kidevu, naye pia. "Mupenzi, hii ni kitu kidogo." Akakamua dawa ya tyubu ndani ya kopo, akaongeza ya tyubu nyingine, akamimina losheni, akakoroga kwa kijiti. Mchanganyiko huo tuliuita melanji. "Paka asubuhi na jioni. Usiogope." Nilipaka. Sijaona muujiza mwingine wa haraka kama ule. Kabla ya giza jipya kuanza, uvimbe ulikuwa umelala, wekundu umetoka, na uso wangu uling'aa kama sahani. Mama Kashindi alinishika kidevu, akageuza, akageuza tena. "Pita," alisema. "Unaona? Ukiacha mambo ya ovyo, mwili unajisafisha." Nilipita. Mchanga ulikuwa wa moto chini ya nyayo, na jioni nilibeba fungu langu nikalia njiani kwa furaha. Leo furaha hiyo inanikasirisha zaidi ya machozi yote yaliyofuata, kwa maana nilimshukuru.

Kisha upepo ukachafuka ziwani, maboti ya Kigoma yakakaa ng'ambo, na kopo likaisha. Uso uliamka. Haukurudi ulivyokuwa, ulirudi na wenzake. Mashavu ambayo hayakuwahi kuwa na chunusi yalitoka vipele vyekundu vyenye usaha, ngozi ikawaka kama imemwagiwa pilipili, na jua la uwanjani, lile tulilosimama ndani yake mchana kutwa, liliniacha na mabaka meusi kuanzia jicho mpaka taya. Nilirudi kwa Mama Zuhura na kitenge kimefunika uso. Akakifunua, akatazama, na wala hakushtuka. "Ngozi yako imezoea, mupenzi. Sasa ni mpaka uendelee tu." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuambia njia ya kwenda stesheni. Nilielewa kwamba alijua tangu siku ya stuli. Sasa tangazo la pomadi za namna hiyo huletwa kwenye radio yetu karibu kila wiki, na muziki wake, na sauti ya msichana anayecheka. Nimekataa kulisoma. Husomwa na mwingine. Wasichana huagiza kwa simu, hawahitaji hata kukaa kwenye stuli.

Mama Kashindi aliponiona mlangoni hakunigusa. Alirudi nyuma hatua moja na kusema, mbele ya wote, kwamba uwanja wake si hospitali. Kwa hiyo Feza akanipeleka hospitali. Palikuwa na daktari mwanamke aliyetoka Lubumbashi, kijana, aliyekuwa anakula karanga kutoka kwenye sahani ya chuma katikati ya makaratasi. Aliisukuma sahani kwetu kabla ya kuuliza chochote. Kisha akauliza nimepaka nini, akanusa kopo tupu, akafunga macho kidogo. "Siku zako zinakuja namna gani?" Nikamwambia zinakuja zinapotaka. "Na nywele, hapa?" Alijigusa kidevu chake mwenyewe, si changu. Kila Jumapili nilikuwa nazing'oa kwa kibano, Feza akiwa kanisani, na sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja. Nikasema ndiyo. Feza akageuka kunitazama.

"Mwili wa kila mwanamke unatengeneza kidogo ile homoni ambayo wanaume wanayo nyingi," daktari alisema. "Wako unatengeneza kupita kidogo. Inazidisha mafuta chini ya ngozi, sana sana hapa kwenye taya. Inaotesha nywele. Inachelewesha yai, ndiyo sababu siku hazifiki. Ni kitu kimoja, unakiona mahali patatu."

"Si uchafu?"

"Uchafu wa nani?"

Nilikuwa nimebeba uchafu huo mwaka mzima na sikuweza kusema ni wa nani. Alinipima presha, akauliza kama naumwa kichwa cha upande mmoja, kama navuta sigara, kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuganda damu miguuni. Hakuna aliyewahi kuniuliza maswali mengi hivyo kuhusu mimi mwenyewe. Badala ya melanji alinipa krimu hafifu zaidi, tukaipunguza polepole chini ya macho yake mpaka ikaisha. Ndimu basi, majivu basi, kuminya basi. Sabuni ya kawaida, kitambaa kichwani na usoni juani, jeli ya usiku ambayo alinionya kwamba hubabua nguo, na kweli iliweka madoa meupe kwenye kitenge kizuri cha Feza. Na vidonge vya kupanga uzazi, kila siku. "Havikuponyi," alisema. "Vinaishika. Itachukua miezi, na mwezi wa kwanza utanitukana. Siku zako zitakuja kila mwezi. Ukitaka mtoto, rudi tuzungumze upya." Nilimtukana mwezi wa kwanza, kama alivyosema. Na ilikuwa kweli kwamba kitu hiki hushikwa tu. Nimekishika miaka yote hii. Kilirudi baada ya kila uzazi, kikarudi tena nilipovuka arobaini, na kila kiliporudi nilijua jina lake, na kujua jina la kitu ni nusu ya usingizi.

Lakini fikirini vile vidonge vilikuwa nini katika maisha yangu ya wakati ule. Wanawake walikuwa wamesema nimetoa mimba, au natumia dawa ya kupanga. Sasa dawa pekee iliyoweza kunirudisha mchangani ilikuwa ile ile ambayo, ikionekana, ingethibitisha kila neno lao. Feza alikaa kwenye beseni lililopinduliwa akashika kichwa. "Nyota, wakijua hii, hata mimi watanifukuza." Tukavificha ndani ya kopo la maziwa, chini ya vitunguu. Na Feza huyo huyo aliyeogopa ndiye aliyenikumbusha kila siku. Alikuwa anasonga ugali, mgongo umenigeukia, anauliza kama jambo la kawaida la jikoni, "Umekula kitunguu yako?" Nilimeza. Nilifua nguo za watu, nilichota maji, niliishi kwa fungu la Feza alilolikata katikati. Uso ulitulia taratibu, bila muujiza wowote, kama maji yanavyotulia kwenye ndoo. Mabaka yalibaki kwa muda mrefu. Chunusi ziliisha.

Nikarudi kwenye mlango wa nyavu. Vidole viwili, kushoto, kulia. "Hii nyeusi ni nini?" "Ni jua, Mama." Akafikiri. "Pita." Nilifanya kazi giza lile lote bila kelele. Giza lililofuata, siku zangu zilikuja alfajiri, kama daktari alivyoahidi. Feza alinitazama nikijifunga, akaninyooshea kanga nyingine, na tukatoka. Nilijua ninachokwenda kufanya. Nilikuwa na njaa ya miezi, na nilikuwa nimekwisha kukaa nje ya uwanja siku nyingi zisizo zangu. Sikuona ni kwa nini nikae nje siku zilizo zangu. Mlangoni Mama Kashindi alinishika kidevu kisafi, akasema, "Pita."

Siku ile niliwatazama ndagala kama ninavyowatazama leo mashahidi mahakamani. Niliwatawanya mimi. Niliwageuza mimi. Hofu ilikuwepo asubuhi, siwezi kukataa, kwa sababu nami nililelewa na maneno hayo, na mara mbili niliinama kuona kama wale waliopitiwa na kivuli changu wamebadilika. Walikauka. Walikauka kama fedha, wakalia kavu kavu chini ya fagio, na mnunuzi wa Lubumbashi akasugua wachache kiganjani na kumwambia Mama Kashindi kwamba hajaona ndagala kavu kama hawa. Jua lilipozama hofu ilikuwa imekwisha na mahali pake pamekaliwa na hasira kubwa kiasi kwamba sikuweza kula fungu langu. Mwezi uliofuata ikawa vilevile, na mwingine tena. Ningeweza kuendelea hivyo. Nilikuwa na mahali pangu, nilikuwa nimeanza kuweka akiba, na siri ilikuwa salama chini ya vitunguu. Watu wengi wameishi vizuri na siri kubwa kuliko hiyo.

Aliyeniharibia utulivu ni Riziki, mke wa mvuvi mmoja wa Zongwe, aliyekuja mjini na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa na chunusi kidevuni, chache. Asubuhi nilimsikia mlangoni. "Mama, nanyonyesha. Siku sijaziona tangu nizae." Na sauti ile ya chini ikajibu, "Kidevu iko inasema ingine." Alikaa pale nilipokaa mimi, akachambua takataka, mtoto akilia. Jioni, lori likiwa limesimama tayari kupeleka magunia stesheni, Riziki alikuja kuomba fungu, hata dogo. Mama Kashindi alimwambia kwamba akilisha mwenye siku, ziwa litamnyima. Mimi nilikuwa na siku zangu tangu jana. Nilikuwa nimeshika fagio, nimesimama katikati ya mchanga, ndagala mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Mama Kashindi," nilisema, "mimi njo niko na siku zangu."

Mafagio yalisimama.

"Unasema nini?"

"Leo, na jana. Na giza ile ingine, na ile ya mbele yake. Hizi samaki zote niligeuza na hii mikono. Ulinishika kidevu, ukasema pita."

Alikuja mpaka nilipo, naye akiwakanyaga ndagala bila kuwaona. Alinishika kidevu, akakielekeza kwenye jua lililobaki. Hapakuwa na kitu. Akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia.

"Unadanganya."

"Nikuonyeshe?" Niliweka mkono kwenye fundo la kitenge. Aliudaka haraka, kwa sababu dereva na vibarua wake walikuwa wanatazama.

Wote waligeuka kuangalia lundo la ndagala. Nilitaka waliangalie. Kama nasema kweli, basi samaki wale walikuwa wa kutupwa, na wa miezi iliyopita walikuwa wamelisha watu najisi. Kama nadanganya, basi mimi ni msafi, sina kosa, na kidevu cha Riziki nacho kiachwe. Sikuona mlango wa tatu, na niliamini hata yeye hatauona. Dereva alipiga honi. Mama Kashindi alijifuta mikono kwenye kitenge, akawaambia wanawake, "Pakieni." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ile ile, "Weye, toka. Usirudi."

"Nitoke peke yangu, Mama, ao na samaki?"

Wanawake waliinama wakaanza kujaza magunia, wale wale waliokuwa wameuliza nani ataoa ile uso, na hakuna aliyeshika ndagala kwa ncha za vidole. Waliwazoa kwa mikono miwili. Feza ndiye aliyekuwa na sindano ya magunia. Jana jioni alikuwa ameniuliza kama nimekula kitunguu. Nilimtazama mpaka akajua namtazama. Akaingiza kamba kwenye tundu la sindano, akainama, akashona gunia la kwanza. Nilitoka nikipita katikati ya mchanga, na nyuma yangu nilimsikia dereva anauliza kama samaki wa leo ni wazuri, na Mama Kashindi akamjibu kwamba ni wazuri kabisa.